Wafanyakazi wa maabara za virusi wasiajiriwe kama vibarua

Kwako Mhariri,

Chuo kikuu kikizindua maabara ya kuchunguza virusi vya njia ya hewa, utepe hukatwa mbele ya mashine ya PCR, inayotambua virusi kwa kuzidisha nakala za chembe zao za urithi, na kesho yake magazeti hutaja bei yake. Watakaoitumia hawatajwi. Wengi wao wako kwenye mikataba ya miezi michache, inayoisha utafiti ukiwa katikati. Eneo letu la Magharibi lina uzoefu mkubwa: kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kule Kisian kimefuatilia magonjwa ya njia ya hewa kwa wakazi wa Asembo, Siaya, kwa miaka mingi, na vyuo kama Maseno na Masinde Muliro viko hapa hapa. Uzoefu huo umo mikononi mwa watu, na wakiondoka huondoka nao.

Kazi yenyewe huanzia wodini. Muuguzi au afisa wa kliniki ndiye anayeamua nani achukuliwe sampuli. Kwa ufuatiliaji wa mafua makali, Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka mgonjwa awe amelazwa, awe na kikohozi, awe na homa ya nyuzi 38 au awe alikuwa nayo, na ugonjwa uwe umeanza ndani ya siku 10. Kigezo hicho kikitumiwa hivyo hivyo kutafuta RSV, kirusi kinachobana kifua cha watoto wachanga, wengi watapitwa, kwa sababu mtoto mwenye RSV mara nyingi hana homa. Wa chini ya miezi sita huweza kuletwa kwa sababu tu pumzi inakatika-katika. Muuguzi aliyekaa na mradi kwa muda anamtambua. Aliyeletwa juzi anasoma fomu, haoni homa, anamruka.

Halafu kuna kijiti cha kuchukulia sampuli puani. Kinatakiwa kiwe na shina la plastiki na ncha ya nailoni au poliesta. Vile vya pamba vyenye shina la mti huweza kuzuia PCR isifanye kazi. Hupitishwa sambamba na kaakaa, kuelekea usawa wa sikio, wala si kuelekezwa juu machoni. Kikigonga kitu hakilazimishwi. Kikifika nyuma ya pua huachwa sekunde chache kiloe, huzungushwa taratibu, ndipo hutolewa. Anayemwonea mtoto huruma huishia kwenye tundu la pua na kutuletea kijiti kikavu. Sisi wa maabara hulijua hilo kwa kupima jeni ya binadamu iitwayo RNase P: isipoonekana na virusi pia visipoonekana, kijiti hakikubeba seli za kutosha, na ni makosa makubwa kumwandikia mgonjwa huyo kwamba hana virusi. Shina nalo livunjwe penye alama. Likibaki refu kifuniko hakikazi, na maji ya kuhifadhia virusi, mililita 2 au 3 tu, huvuja njiani. Maji hayo huwa ya waridi. Yakigeuka manjano kabla ya kutumika, kichupa hicho ni cha kutupwa.

Kuanzia hapo ni kukimbizana na saa. Katika nyuzi 2 hadi 8 sampuli huhifadhiwa kwa saa 72. Zaidi ya hapo iingie kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri haimfai anayetaka kuotesha virusi, na RSV huharibika upesi kikigandishwa polepole. Sampuli iliyochukuliwa Port Victoria Ijumaa asubuhi inamaliza saa zake Jumatatu asubuhi. Dereva asiyelipwa wikendi ni sababu tosha ya kuipoteza, na gharama ya kumlipa kwenye bajeti ya mradi ni ndogo mno ikilinganishwa na kila kitu kingine.

Ndani ya maabara, kiasi kinachotiwa kwenye PCR mara nyingi ni mikrolita 5, karibu sehemu ya kumi ya tone la maji. Povu kwenye ncha ya pipeti, kifaa cha kunyonyea na kupimia maji kidogo, linatosha kuvuruga jibu. RNA, yaani chembe za urithi za virusi hivi, nayo huwa imeoshwa kwa ethanoli, na ethanoli isipokauka vizuri PCR hukwama na mgonjwa akaonekana mzima. Lakini kinachotutia hofu zaidi ni uchafuzi. Baada ya mizunguko 40 ya PCR, kijichupa kimoja kinaweza kuwa na nakala mabilioni za kipande cha kirusi. Kikifunguliwa pasipo mahali pake, au mtu akirudi na koti lile lile kwenye chumba cha kuchanganyia dawa, hata kipimo cha maji matupu kitaonyesha virusi, na trei nzima ya visima 96 haiaminiki tena. Ndiyo maana watu hutembea upande mmoja tu, kutoka chumba safi hadi chumba cha mashine, bila kurudi nyuma hadi wabadilishe koti na glavu. Nidhamu hiyo hujengeka kwa miezi ya kusimamiwa. Kwa mkataba mfupi, mtu anaanza kuaminika wiki anayofungasha.

Naye mtu wa usafi? Mara nyingi ni kibarua wa siku, ameambiwa tu kwamba Jik inaua kila kijidudu. Hajaambiwa kwamba dawa ya kupasulia virusi wakati wa kutoa RNA ina kemikali iitwayo guanidini, na kwamba ikikutana na Jik hutoa gesi ya sumu. Lazima aambiwe siku ya kwanza, na ndoo za taka zenye dawa hiyo zitenganishwe na kuandikwa. Kwa kufutia meza, Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sita za maji kupata asilimia 0.5, na huchanganywa upya kila siku. Taka nyingine zinazochomwa kwa mvuke wa nyuzi 121 zisishindiliwe kwenye mfuko, maana mvuke haupenyi. Utepe wa kupimia joto unaobandikwa mfukoni, ukibadilika rangi, unaonyesha tu kwamba joto lilifika hapo ulipobandikwa. Kinachothibitisha ni kipimo cha mbegu za bakteria, na kifanywe mara kwa mara.

Tunachoomba kwa vyuo na wafadhili si kigumu. Mikataba ilingane na muda wa utafiti. Chuo kiwe na wataalamu wachache kwenye orodha yake yenyewe ya mishahara, maana Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025 tuliona jinsi kazi iliyotegemea mfuko mmoja inavyoweza kusimama ghafla. Chanjo ya mafua ya kila mwaka impate pia dereva na mtu wa usafi. Kabati la kufanyia kazi na virusi lipimwe hewa na chujio kila mwaka, na kila linapohamishwa. Stima hupotea huku, kwa hiyo kila pendekezo la utafiti liseme nani atapigiwa simu friza ikilia saa nane usiku, na usiku huo atalipwa shilingi ngapi.

Wataalamu wa maabara,
Kisumu