Tukibishana lenzi tunajuliana hali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo manake kuna barua ya msomaji mwenzangu imenikaa moyoni tangu niisome. Alisema sisi watu wa kamera tunaojuana mtandaoni hatuna urafiki wowote, tuna vifaa tu, kutwa tunabishana lenzi na megapikseli na picha zenyewe hatupigi. Sina ugomvi naye, labda kakutana na watu wa namna hiyo na kweli wapo, ila mimi niko kwenye mambo haya tangu 2004 na nina watu sita nawaita ndugu bila kusita, wawili tu ndo nshawahi kuonana nao uso kwa uso, na wote sita tulijuana kwa ubishi wa kamera.

Ubishi wenyewe ulianza hivi. Mwaka 2003 Canon walitoa kamera ya dijitali ya 300D, megapikseli 6.3, mwaka uliofuata Nikon wakaja na D70 yenye 6.1, basi sisi ambao ndo kwanza tunatoka kwenye filamu tukagawanyika kama mashabiki wa mpira. Mmoja anasema rangi ya ngozi kwenye Canon haina mpinzani, mwingine anamjibu D70 ukiiwasha imeshawaka, yako wewe mpaka iamke mtoto keshakimbia, na usiku unaisha hivyo. Leo nikitazama nyuma naona hatukuwa tunabishania picha hata kidogo, manake picha ya D70 ina pikseli 3008 kwa 2000, ukiichapa vizuri kwa nukta 300 kila inchi unapata sentimita 25 kwa 17 hivi, inakaa kwenye fremu ukutani bila tatizo lolote, na ya Canon ni hivyohivyo. Tulikuwa tunasomana tabia. Hapo ndipo nilipojua nani ana hasira za karibu, nani akikosea anakubali, na nani akiulizwa na mgeni anaweza kutulia nusu saa nzima amweleze kwa nini ukibana tundu la lenzi kutoka f/1.4 kwenda f/2 mwanga unapungua nusu.

Tumeshapeana pole pia, na pole za kweli. Mwaka 2006 Konica Minolta walipoacha biashara ya kamera na kuiachia Sony, mwenzetu mmoja aliyetumia Minolta miaka yote aliandika mistari miwili tu akanyamaza, tukamfuata mmoja mmoja. Filamu ya Kodachrome iliposimamishwa 2009, baada ya kuwepo tangu 1935, ilikuwa vilevile. Na kuna mzee wetu hadi leo hajasamehe Canon kwa kubadili mdomo wa lenzi mwaka 1987, lenzi zake za zamani zikawa haziingii kwenye kamera mpya. Ukimsikiliza vizuri mzee huyu utagundua hasemi lenzi, anasema miaka aliyojinyima akazinunua moja moja.

Ila nilichotaka hasa kumwambia yule msomaji ni habari ya mwenzetu tunayemwita Pentax, jina lake kabisa kwetu ni hilo. Huyu bwana ana Pentax K1000, zile kamera zilizoanza kutengenezwa 1976 zikaendelea mpaka 1997, ya chuma, kila kitu mkono, betri ni ya kipima mwanga tu, ikifa kamera bado inafyatua. Miaka yote msimamo wake ulikuwa mmoja, kwamba mkono uliotulia hauhitaji msaada, bana pumzi, bana viwiko kwenye mbavu, 1/15 ya sekunde unapiga na inatoka. Tukimwambia kuhusu kamera zenye mfumo wa kutuliza mtikisiko anakataa katakata, na tulibishana naye hilo pengine miaka kumi.

Sasa usiku mmoja akauliza, kwa maneno machache tu, kamera gani inatuliza mtikisiko vizuri na lenzi zangu za zamani ziingie. Tulifurahi! Kila mtu akaona ubishi tumeushinda, majibu yakamiminika, huyu anataja modeli hii, yule ile, mwingine kaleta mpaka uzito kwa gramu. Dada mmoja kati yetu ndo peke yake aliyeandika, "Kaka, mikono vipi?"

Hakujibu usiku ule. Kesho yake aliandika marefu, kwamba mikono ilianza kutetemeka tangu mwaka uliopita, kwanza kikombe, alafu ufunguo mlangoni, alafu roli mbili za filamu alizotoka kusafisha zikawa na picha zimetikisika zote isipokuwa zile za jua kali. Nyumbani kwake alikuwa hajamwambia mtu. Sisi tulijua kabla ya nduguze wa damu, na tulijua kwa sababu ya swali la lenzi! Mwanaume yule asingeweza kuamka tu akaandika jamani naumwa, hakulelewa hivyo na wengi wetu hatukulelewa hivyo. Swali la kamera ndo mlango uliokuwa karibu akaupitia.

Tangu siku ile nasikiliza maswali kwa namna nyingine. Mtu akiuliza kamera gani ina tundu kubwa la kuchungulia, namuuliza macho yanaendeleaje. Akiuliza lenzi isiyopiga kelele ikitafuta fokasi, mara nyingi kuna mtoto mchanga kalala. Na anayeuliza ghafla kamera yake inaweza kuuzika kiasi gani, huyo simjibu mbele za watu, namtumia meseji pembeni manake kamera huwa kitu cha mwisho kuuzwa.

Basi mmoja wetu alikuwa na Pentax K-5 ya 2010 aliyokuwa haitumii, akaifunga kwenye fulana akaituma, na betri tatu. Uzuri ni kwamba mdomo wa lenzi wa Pentax ni uleule wa tangu 1975, kwa hiyo lenzi yake ya 50mm ya f/2 iliingia vilevile, japo sensa, kile kinachopokea picha badala ya filamu, ni ndogo kuliko filamu na picha inabana, inakuwa kama anatumia 75mm. Shida ikawa kamera haifyatui kabisa. Tulikaa naye masaa mawili kwenye simu, ndani ya menyu kuna sehemu ya kuruhusu ringi ya apacha, ile ya kufungua na kubana tundu la lenzi, usipoiruhusu kamera inagoma na lenzi za zamani, na vidole vyake kila akibonyeza vinapita kitufe anachokitaka vinagusa cha pembeni. Hatukumharakisha. Akikosea tunarudi mwanzo wa menyu. Alafu ukiiwasha na lenzi ya namna ile kamera inakuuliza urefu wa lenzi ni ngapi ili ijue itulize kiasi gani, akaweka 50, na nikasikia mwenyewe anasema kwa sauti ya chini, "inaniuliza". Baada ya hapo ni kuzungusha ringi kwa mkono, unabonyeza kitufe cha kijani kamera inapima yenyewe na kuchagua kasi. Dada yule akamwambia asitegemee mfumo peke yake, apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hata 1600 mpaka kasi ifike 1/250, chengachenga zitakuwepo kidogo lakini picha itasimama.

Picha ya kwanza aliyotutumia ilikuwa pazia la dirishani na upepo umeliinua pembeni. Imesimama. Unauona uzi mmoja mmoja pale mwanga unapopita.

Kwa upande mwingine yule msomaji kanigusa, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna binti alikuja kwetu miaka ya nyuma na picha ya bibi yake anapepeta nafaka, kapiga kwa lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, picha nzuri sana, vumbi limekaa hewani kama moshi. Mtu wa kwanza kumjibu alimwambia anunue lenzi ya maana. Wa pili akataja ipi. Mimi nilikuwa wa tatu nikachangia kuhusu hiyo lenzi, na kuhusu bibi hakuna aliyesema neno. Hakurudi tena. Nimeshamtafuta sana na sijampata, na kama anasoma gazeti hili namwambia dada, picha yako naikumbuka mpaka upande ambao mwanga ulikuwa unatokea, na lenzi yako haikuwa na kasoro yoyote.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni kuhusu ule ukurasa wenu wa teknolojia. Mnaandika kamera mpya zikitoka na tunashukuru, ila wanaoshika kamera za miaka 15 au 40 ni wengi na hawaoni chochote chao pale. Andikeni siku moja namna ya kuzuia fangasi kwenye lenzi, namna ya kutumia lenzi ya zamani kwenye kamera mpya, waiteni watu waseme kamera yao waliipata kwa nani, manake nyingi zina mtu nyuma yake.

Pentax yupo. Kuna siku mikono inakubali na kuna siku haikubali. Jana usiku kauliza kama kuna mtu ana kifuniko cha nyuma cha lenzi, chake kimedondoka kikapasuka, na tulikuwa tumejibu watano kabla sijamaliza kuandika jibu langu, wote tukiuliza kwanza kimedondokaje.

Mimi msomaji wenu,
Mpiga picha wa siku nyingi