Barua kwa mwanangu: Umefika wapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama bado unapitiwa na usingizi taa ikiwa inawaka.

Juzi uliponipigia simu, sauti yako ilikuwa chini kama ya mtu aliyepoteza kitu cha kuazima. Ukanieleza kuhusu ile orodha yako ya mambo kumi na mawili: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia, kuandika shajara, kumaliza vitabu viwili kila mwezi, kutoshika simu usiku, na mengine ambayo nimeyasahau. Siku ya tisa yote yakawa yameanguka. Ukamalizia kwa kusema, "Baba, nadhani mimi sina nidhamu kabisa." Ulikuwa unakimbilia kazini, na maneno yangu mimi huja polepole. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza nikuchekeshe. Mwaka mmoja, wewe ukiwa hujaanza hata kutambaa, niliandika orodha kama hiyo. Mambo kumi na moja. Nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba. Mama yako akaisoma mstari kwa mstari, wewe ukiwa mgongoni, kisha akaniuliza, "Huyu mtu atakayefanya yote haya anahamia lini?" Karatasi ile ilikaa pale mpaka gundi ikachoka. Hakuna jambo hata moja lililobaki. Tabia nzuri niliyokuwa nayo, na ninayo hadi leo, haikuwamo kwenye orodha: kusoma riwaya kidogo kila usiku. Sikuiandika kwa sababu sikudhani ni tabia. Nilidhani ni starehe.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nasikia mnaambiana kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Hesabu hiyo ina asili yake. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakaliacha lile neno "angalau" njiani, wakabaki na namba. Lakini kuizoea pua mpya ni jambo moja, kujizoesha kutoka kitandani alfajiri ni jambo jingine. Pua haikuombi kitu.

Baadaye watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja tu, akalifunga kwenye wakati unaojirudia kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Matokeo yakatoka mwaka 2009: kwa wastani zilihitajika siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujisukuma. Kuna aliyehitaji siku 18, na kuna ambaye hesabu ilikadiria angehitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe ulichukua kumi na mawili kwa mpigo, ukajipa siku tisa, kisha ukajihukumu. Hata hakimu mkali angekuongezea muda.

Sasa nikueleze jinsi mimi nilivyoanza, maana sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya zamu. Usiku tulikuwa na saa moja ya mapumziko, fupi mno kwa kulala, ndefu mno kwa kukodolea macho ukuta. Mtu mmoja alikuwa ameacha riwaya juu ya sanduku la vifaa. Jalada halipo, kurasa za mwanzo zenye jina la kitabu na la mwandishi hazipo, mgongo umepakwa grisi. Niliifungua kwa sababu sikuwa na kingine mkononi. Ilimhusu mwanamke aliyerudi kwenye nyumba aliyozaliwa baada ya miaka mingi, akakuta humo mtu mwingine anayeishi kwa kutumia jina lake yeye. Majirani wote wanamtambua yule wa ndani. Yeye hakuna anayemjua.

Nilisoma kurasa kumi, kumi na mbili, kengele ikalia. Nikaingia kazini, lakini kichwa kilibaki kimekaa mlangoni kwa yule mwanamke. Kulikuwa na binti mmoja wa zamu ya asubuhi ambaye tulikuwa tunapishana pale mlangoni. Aliniona na kitabu, akauliza kinahusu nini. Nikamweleza kwa dakika mbili. Kesho yake, hata salamu hajaimaliza, akauliza, "Enhe, umefika wapi?"

Basi nikawa na deni. Nisingeweza kumjibu kwamba jana sikusoma. Usiku nasoma, alfajiri nasimulia, na katika kusimulia nagundua nisichokielewa, nikirudi usiku narudia kurasa mbili nyuma. Hakuna aliyenihimiza kujenga tabia. Nilikuwa na kisa kitamu na mtu anayekisubiri.

Nikafika ukurasa wa 208. Mstari wa mwisho ulisema: "Akausukuma mlango, akamwona" na hapo ndipo kitabu kilipokomea. Karatasi za vitabu vingi hukunjwa na kupangwa kwa vitita, mara nyingi vya kurasa 16, kisha vitita hushonwa au kugundishwa pamoja kwenye mgongo. Kumi na tatu vilikuwapo. Kitita cha mwisho kilikuwa kimechomoka chote.

Binti yule alinikasirikia wiki nzima kana kwamba nimekichomoa mimi. Umeshajua alikuwa nani.

Umeniuliza kwenye simu nini hasa napata katika riwaya, maana wewe ukisoma unahisi unapoteza muda ambao ungejifunza jambo "la maana". Nikuoneshe kwa mfano mmoja mdogo, niliojitungia mwenyewe: "Aliikunja ile barua mara nne, akaisukumia chini ya godoro, kisha akamwambia mumewe kwamba siku hiyo hakukuwa na barua." Umeona kilichotokea? Hakuna aliyekwambia kwamba mwanamke huyu ana siri, wala kwamba anaogopa. Umejua mwenyewe. Mume hajui. Wewe na mwandishi mmekonyezana juu ya kichwa cha yule mume, na kuanzia hapo kila atakapoketi juu ya godoro lile utatetemeka kidogo. Utamu wenyewe ndio huo, na hauhitaji kuombewa radhi.

Tena filamu hukuletea uso ukiwa tayari. Riwaya hukuachia uuchonge. Yule mwanamke wa mlangoni kwangu mimi ni mrefu, mwembamba, ana kidevu cha ubishi. Mama yako anaapa ni mfupi na mnene. Mwandishi hakusema, au alisema katika kurasa zilizopotea.

Na kuna hili la kukaa ndani ya mtu usiyempenda. Nimewahi kusoma riwaya nikajikuta nasali mwizi asikamatwe. Nilifunga kitabu nikajitazama. Maishani nisingempa mtu yule hata dakika tano, lakini mwandishi alinikalisha naye kurasa mia mbili, nikajua alilala wapi akiwa mtoto na nani alimwambia hana faida. Sidai kwamba kusoma kunamfanya mtu kuwa mwema. Namfahamu msomaji mkubwa ambaye hana huruma hata kwa ndugu yake wa damu. Ila mlango unafunguka. Kuingia au kutoingia ni juu yako.

Usione haya kusoma polepole. Riwaya ya kwanza ya Charles Dickens, iliyoanza kutoka mwaka 1836, ilitolewa kwa vijitabu vya kila mwezi, ikachukua zaidi ya mwaka na nusu kumalizika. Wasomaji walisubiri, wakabishana, wakasubiri tena. Vitabu viwili kwa mwezi ni mashindano ya nani na nani? Bandu bandu huisha gogo: kurasa kumi kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani riwaya kumi na sita hivi za kurasa 220. Na ukifika ukurasa wa hamsini kitabu bado kinakuchosha, kiweke chini. Hukufunga nacho ndoa.

Kwa hiyo, ukikubali ushauri wangu, chana ile orodha. Chukua hilo moja la kusoma, kwa sababu ndilo pekee lenye utamu ndani yake tangu siku ya kwanza. Kukimbia kutakuwa kutamu baadaye, labda, mimi sijui, sijawahi kufika huko. Kitabu kiweke juu ya mto wako asubuhi unapotandika, ili usiku usiweze kulala bila kukishika. Simu ichajiwe chumba kingine. Ukichoka sana, soma ukurasa mmoja tu, hata nusu. Ukikosa usiku mmoja, usifidie kwa kurasa ishirini kesho; endelea na kumi zako kama vile hakuna kilichotokea.

Utashangaa mengine yanavyojivuta yenyewe. Mimi sikuwahi kuamua kulala mapema. Niliamua kufika kitandani nikiwa bado na macho ya kusomea, na usingizi ukajipanga nyuma ya hilo. Kuamka kukafuata usingizi.

Halafu tafuta mtu wa kukuuliza. Kulikuwa na mwandishi Mwingereza, Anthony Trollope, mfanyakazi wa posta, aliyeandika riwaya 47. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Watu humsifu kwa nidhamu. Lakini mwenyewe aliandika kwamba alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe, na kwamba kwa mafanikio yake alikuwa na deni kwa mzee huyo kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo unaposema huna nidhamu, nauliza: una mzee wa kukuamsha? Mimi nilikuwa na binti wa zamu ya asubuhi.

Kuna jambo moja lazima nilitoe kifuani kabla sijafunga. Unakumbuka ile siku nilipochelewa kukuchukua shule, ukiwa darasa la pili? Nilikwambia gari liliharibika. Gari lilikuwa zima. Nilikuwa nimeketi ndani yake, nje ya kazini, nikijiambia namalizia sura moja tu. Zilikuwa tatu. Nilipofika, wenzako wote walishaondoka, ulikuwa umeketi kwenye ngazi umekumbatia mkoba, na hukulia. Uliniuliza kama gari limepona. Sijaisahau sauti ile. Riwaya inaweza kuwa pango la kujifichia, na mtu akajiita msomaji kumbe ni mtoro. Tangu siku hiyo sifungui kitabu nikiwa na mtu anayenisubiri, na sasa nakuomba radhi, nimechelewa kwa hilo pia.

Pamoja na barua hii nimekufungia kifurushi. Ndani yake mna kile kitabu cha grisi. Nimekitia jalada la karatasi ngumu ili kisiendelee kumeguka. Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza kila ninapoona vitabu vya zamani, nikisimulia kisa kwa wauzaji na wakutubi, wala hakuna aliyewahi kukitambua. Kwa hiyo hicho ulichonacho ndicho pekee ninachokijua.

Soma kurasa kumi usiku. Mama yako ameshasema atakuwa anapiga simu kila Jumapili jioni, na swali lake la kwanza unalijua. Ukifika ukurasa wa 208, usingoje Jumapili. Tupigie saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, utuambie aliposukuma mlango alimwona nani. Mama yako ana jibu lake, mimi nina langu, na hatujawahi kukubaliana.

Ni mimi baba yako akupendaye.