Shangazi, nitafute kadi ya mkopo au nikubali kukaa nyuma?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri, mke wangu amelala, mimi usingizi umekataa. Usinichukulie kama mtu wa kulalamika. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, kazi nimeianza nikiwa kijana na sasa nina mvi, na sijawahi kumdharau mtu kwa sababu hana kitu fulani mfukoni.

Binti yetu anahitimu Julai huko Aberdeen, Uskoti. Masomo alifadhiliwa, lakini nauli, makoti ya baridi na kodi ya chumba mwanzoni vilitoka kwenye tipu zangu, yeye anajua na mama yake anajua. Tumepanga twende wote wawili. Nikasema tukishuka Edinburgh nikodi gari, nimwendeshe mama yake taratibu mpaka Aberdeen, kilomita kama mia mbili, halafu mahafali yakiisha nimzungushe kule milimani. Wanaendesha kushoto kama sisi. Mgeni anaruhusiwa kutumia leseni ya kwao hadi miezi 12, na ile ya kimataifa nitaichukua pia ili pasiwe na maneno. Kwa hiyo shida si kuendesha. Nakuomba hilo ulishike, kwa sababu kila ninayemweleza anadhani naogopa barabara za Wazungu.

Shida ni kadi. Kampuni ya magari niliyoiandikia imejibu kwamba mwenye kukodi lazima awe na kadi ya mkopo yenye jina lake mwenyewe, lile lile lililo kwenye leseni. Hii ya ATM ninayotolea fedha pale Mnara wa Saa, iliyoandikwa debit mbele, hawaitaki. Ile ya kujaza fedha kwanza nayo hawaitaki. Nauliza kwa nini, wakati fedha ninayo? Wanasema ni kwa ajili ya dhamana, yaani wanashikilia kiasi fulani kwenye kadi mpaka gari lirudi likaguliwe. Kwa gari nililochagua ni paundi 1,200, ambayo kwa hesabu ya sasa inakaribia milioni nne. Haiendi kwao, ila huwezi kuigusa. Ukinunua bima yao kubwa dhamana inapungua, lakini kadi bado wanaidai.

Basi jioni moja tuko mezani, wakwe zangu wapo, kaka yake mke wangu yupo, binti anapiga simu na mama yake anaweka spika ili wote tusikie. Naanza kumweleza habari ya kadi, hata sijamaliza, ananiambia: "Baba usijisumbue na mambo ya kadi. Mwenzangu anayo, yeye atakodi na ataendesha. Wewe utakaa nyuma na mama, upumzike." Shemeji yangu akacheka akasema, "Leo dereva amepata dereva." Wote wakacheka, na mke wangu akacheka.

Huyo mwenzake, Shangazi, ni kijana wa Kitanzania anayefanya kazi huko huko. Sina neno baya juu yake. Lakini hajaleta barua. Hajatuma mshenga. Kwetu hajakanyaga. Mimi nitapandaje gari lililokodiwa kwa jina la kijana ambaye hajaniomba binti, nikae nyuma, anifungulie na mlango? Kesho wazee wakikaa kuzungumza mahari nitasema nini, wakati nimeshakula mafuta yake na bima yake? Binti anasema nimebaki zamani. Si uzamani. Utaratibu una sababu zake, na huwezi kumpangia bei mtu aliyekwisha kukubeba.

Nikaenda benki. Sikwenda kubembeleza, nimekuwa mteja wao muda mrefu. Afisa wa mikopo, binti mdogo mwenye adabu, akaniuliza mshahara wangu unapitia benki gani. Nikamwambia sisi tunalipwa kwa safari: wageni wakiwepo unalipwa siku zako, ukirudi mjini unasubiri nyingine, na tipu zinakuja kwa dola mkononi. Aprili na Mei, masika yakikolea, unaweza kukaa nyumbani tu. Akaniambia kwa mtu asiye na mshahara wa kila mwezi kadi ya mkopo inawezekana kwa njia moja, niweke amana ya muda maalumu, waizuie kama dhamana, kisha wanipe kadi yenye kikomo kilicho chini ya hiyo amana. Yaani nikope fedha yangu mwenyewe. Na kwa kuwa dhamana ya gari peke yake inakaribia milioni nne, na kodi ya gari ipo, na mafuta yapo, amana inabidi iwe milioni sita, la sivyo kadi itajaa pale pale kaunta nishindwe hata kulipia chakula.

Alinieleza vizuri, sitaki kumsingizia. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe waliyokupa, manunuzi hayana riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza kutembea. Na ukitumia kadi hiyo kutoa fedha taslimu kwenye ATM, ada na riba vinaanza siku hiyo hiyo. Mimi si mtu wa madeni, hata kwenye Saccos yetu sijawahi kuchelewesha rejesho. Hilo la riba halinitishi.

Linalonitisha ni kwamba hizo milioni sita zipo, na ni za bati. Nyumba yetu Usa River imesimama kwenye linta, mbao zimenunuliwa, fundi anangoja, na tuko Februari. Mke wangu anataka tupaue kabla mvua za masika hazijashika, na ana haki, kwa sababu matofali yalinyeshewa mwaka jana na alikuwa yeye anayeyafunika na maturubai mimi nikiwa Serengeti na wageni. Fedha hiyo nusu ni yake, ya duka. Halafu kuna viza. Wanaangalia akaunti, na fedha iliyofungwa kama amana sijui kama wataihesabu au wataona tuna mikono mitupu.

Usinijibu kwamba kuna njia nyingine, najua zipo. Mdogo wangu ana mshahara wa serikali na kadi ya mkopo, aliniambia anaweza kuniombea kadi ya ziada kwenye akaunti yake, yenye jina langu. Lakini taarifa ya kila mwezi inakwenda kwake, kila nilipokunywa chai ataona. Na kuna kuandikishwa dereva wa pili: kijana anakodi kwa kadi yake, mimi naonyesha leseni pale kaunta, analipa nyongeza kidogo kwa siku, kisha usukani nakaa mimi. Binti alipendekeza hilo baada ya kuona nimenyamaza. Lakini kwenye karatasi mkodi ni yeye. Gari likikwaruzwa, kadi inayokatwa ni yake. Nitakuwa namwendesha kama ninavyowaendesha wageni, na huyo mgeni anataka kuoa kwangu.

Nikimwambia mke wangu, anajibu kwamba kuna treni kutoka Edinburgh mpaka Aberdeen na goti lake haliumi akikaa kwenye treni. Ni kweli. Nami mwenyewe gari silihitaji kihivyo, mahafali ni ya siku moja. Nimeshalala mara nyingi chini ya hema Ndutu, siwezi kushindwa na treni. Lakini kila nikiamua tupande treni, nasikia lile neno, utakaa nyuma na mama, na kile kicheko. Nimewabeba watu wa nchi hiyo hiyo kutoka uwanja wa Kilimanjaro mpaka Ngorongoro, wamelala nyuma kwa amani kwa sababu niko mbele. Hakuna aliyeniuliza kadi.

Kinachoniuma zaidi, na hili mke wangu halijui, binti hakunitetea shemeji aliponicheka. Kama angesema tu, "Mjomba, baba ndiye aliyenifundisha kuendesha," mimi ningenunua tiketi za treni usiku ule ule. Nilimfundisha kweli, njia ya Ngaramtoni, Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Alikuwa anaogopa kurudi nyuma, nikashuka nikasimama nyuma ya gari ili ajue namwamini.

Sasa Shangazi, nifunge zile milioni sita nipate kadi yenye jina langu, nyumba ingoje kiangazi? Au nimpigie binti nimwambie alichonifanyia mezani, ingawa sijui nitaanzaje, baba mzima kulalamika kwa mtoto kwamba amechekwa? Kuna usiku nafikiri nimwache mama yake aende peke yake, mimi nibaki na wageni, Julai kazi ni nyingi na nyumbu wanakuwa kaskazini. Nikishafikiri hivyo nalia, kwa sababu nataka kumwona akiwa amevaa joho.

Na kama ningebaki, je, ataelewa ni kwa nini, au atadhani nimekosa viza?

Nijibu mapema tafadhali. Fundi anataka jibu la bati Jumamosi, na fomu ya benki ninayo, nimeijaza yote isipokuwa sahihi.

Dereva wa Sakina, Arusha