Risala ya Walimu na Wazazi wa Kitengo cha Watoto Wenye Uziwi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, ndugu wazazi, walimu na wanafunzi: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani. Risala ndefu humchosha mgeni, kwa hiyo tutakueleza jambo moja tu: tunajuaje, kila asubuhi, kwamba watoto wetu wanasikia.

Mheshimiwa, watoto wetu wenye usikivu hafifu huvaa shimesikio, yaani mashine ndogo za kukuza sauti. Mtu akiona mashine sikioni anaridhika. Hata sisi tuliridhika. Kumbe mashine inaweza kukaa sikioni kutwa nzima ikiwa imekufa: betri imekwisha, nta imeziba, au jasho limefanya tone ndani ya mrija unaopeleka sauti sikioni. Mtoto mdogo hasemi. Anakaa kimya, na mwalimu anamhesabu kuwa mzito wa kuelewa.

Ndiyo maana kabla ya kipindi cha kwanza tunampima kila mtoto mwenye shimesikio kwa sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Kipimo hiki ni cha Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya watoto viziwi aliyefanya kazi Kanada. Alianza na sauti tano, m ikaongezwa baadaye. M na u ni sauti nzito, a iko katikati, sh iko juu, na s juu zaidi, kwenye hezi 4,000 na kuendelea (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). I ina mambo mawili: chini inafanana na u, lakini ina sehemu nyingine nyembamba, juu ya hezi 2,000. Mtoto akitamkiwa "i" akajibu "u", tunajua ya chini ameipata na ya juu imempita, na hilo ndilo tunalompelekea mtaalamu wa usikivu.

Na s, Mheshimiwa, kwetu Waswahili si sauti ya kupuuzwa. Ukipiga kelele "Msivuke!" barabarani, uhai wa mtoto uko kwenye hiyo "si".

Kupima kwenyewe hakuna gharama. Mwalimu anakaa ubavuni, midomo isionekane, kwanza mita moja, kisha mbili, kisha tatu, kwa sauti ya kawaida. Kiganja hakiwekwi mdomoni, maana kinaififisha s. Mtoto akisikia anadondosha kizibo cha soda koponi na kurudia alichosikia. Mwanzoni tulitamka kwa mpangilio uleule kila siku, na kijana mmoja wa darasa la pili akafaulu wiki nzima. Siku moja mwalimu alipokwisha kutamka "sh" akanyamaza makusudi. Kijana akasubiri kidogo, akadondosha kizibo, akasema "s" bila wasiwasi wowote. Betri yake ilikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo tunachanganya sauti, na ukimya nao tunaupima.

Hatudai kwamba kipimo hiki kinachukua nafasi ya audiometa, mashine ya hospitali ya kupima usikivu. Wala hakiwahusu wote: wapo watoto hapa ambao lugha yao ni Lugha ya Alama, na akili zao hazipimwi kwa "sh".

Mheshimiwa, leo hatuombi mashine mpya. Tunaomba betri, zile ndogo za duara zinazodumu wiki moja au mbili hivi, ambazo dukani kwetu hazipatikani. Tunaomba vikopo vya sikio, vile vipande vya mashine vinavyoingia sikioni, vichongwe upya kadiri masikio yanavyokua, kwa sababu kikopo kikilegea mashine hupiga mluzi, na mzazi akichoka na mluzi huo anaizima. Tunaomba pia dari katika chumba kimoja tu. Mvua ikipiga bati, hata sisi wenye masikio mazima hatusikii s.

Kabla hujapanda jukwaani, tunakuomba upite pale kwenye kiti chenye kopo. Mtoto wa darasa la kwanza anakusubiri na vizibo vyake. Ukae ubavuni kwake, utamke sauti sita kwa mpangilio utakaoutaka mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.