Mbavu zilizovunjika: kipigo au kubonyezwa kifua?

Neema mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Marehemu unayetakiwa kumpasua ili kujua kilichomuua ana mbavu zilizovunjika na ini lililochanika. Ndugu wanasema kapigwa, wauguzi wanasema walimbonyeza kifua ili moyo urudi. Huenda wote wanasema kweli.

Kabla hujashika kisu, ongea na wauguzi. Nani alibonyeza, kwa muda gani, moyo uliwahi kurudi, alipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda? Mtu mzima hubonyezwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa nguvu hiyo mbavu za mzee huvunjika hata mbonyezaji akiwa amefunzwa vizuri.

Zikivunjika hivyo huvunjika mbele, aghalabu kati ya ubavu wa 2 na wa 7, mara nyingi pande zote mbili, na mfupa wa kidari hukatika kwa upana. Bandua utando unaofunika mbavu kwa ndani, kisha pitisha kidole ubavu mmoja mmoja. Utakuta mahali pengine upande wa ndani umejikunja na wa nje ni mzima. Eksirei huikosa mivunjiko ya aina hii. Mbavu zilizovunjika nyuma, karibu na uti wa mgongo, usiwatwishe wauguzi haraka. Kwa mtoto mchanga ndiyo kabisa: mbavu zake hupinda, ni nadra kuvunjika kwa kubonyezwa. Na ubavu ulioanza kuunga haukuvunjika siku aliyokufa.

Viganja vikishuka hadi ncha ya chini ya kidari, ini huchanika hasa pande la kushoto. Damu ya tumboni ipime kwa mililita, usiandike "kidogo" wala "nyingi". Moyo uliosimama hausukumi damu, kwa hiyo ukikuta lita moja na zaidi, fikiria kwanza jeraha alilolipata angali hai. Ila kama moyo ulirudi, au alipewa dawa ile, hata mpasuko wa kubonyezwa unaweza kumwaga damu nyingi.

Halafu chana ngozi ya mgongo, mapaja na mikono utafute damu iliyovilia. Watu husahau kumgeuza marehemu, na hilo linaniuma, kwa sababu kiganja kilichokuwa kifuani hakiachi alama ya fimbo mgongoni.

Jeraha usiloweza kulitenganisha, andika kwamba sababu zote mbili zinawezekana, na utaje ulichoambiwa na wauguzi.

Wako,
Asha