Wenye Fuso, iacheni vanishi ikauke

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukikaribia, huku Masasi kila mwenye Fuso hukumbuka kukagua tairi, breki na turubai. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haimshughulishi mtu mpaka taa ya chaji iwake usiku, gari likiwa na mzigo. Hapo ndipo tunapoanza kusikia kwamba mafundi wa kusini hawajui kusuka rota, sehemu ya alteneta inayozunguka, afadhali kuagiza ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu, maana lawama hiyo nusu ni haki yetu, na nusu inawarudia wanaoitoa.

Kusuka tunajua. Mizunguko inahesabiwa, unene wa waya unapimwa, na rota inatoka mezani ikisoma vizuri kwenye mita. Tunapoharibu ni baada ya hapo, kwenye kuufunga waya usicheze.

Kwa asiyewahi kuifungua, rota ya alteneta ni koili moja ya waya wa shaba iliyozungushwa kwenye bobini ya plastiki, ikabanwa kati ya vipande viwili vya chuma vyenye makucha. Ncha mbili za waya hutokeza chini ya makucha, hupita juu ya shafti na kulehemiwa kwenye ringi mbili zinazoguswa na kaboni zinazoipelekea umeme. Puli ya alteneta ni ndogo kuliko ya injini, kwa hiyo rota huzunguka mara mbili hadi tatu zaidi ya injini. Injini ikiwa kwenye 3,000 kwa dakika, rota inaweza kuwa kwenye 7,500. Kwa kasi hiyo, gramu moja tu ya waya iliyo sentimita 4 kutoka katikati ya shafti inavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2.5. Kasi ikiongezeka maradufu, mvuto huo unakuwa mara nne. Ongeza hapo mtikisiko wa barabara zetu, hasa ukiwa unateremka kutoka Newala.

Hivi karibuni nililetewa rota ya Fuso, ya volti 24, iliyosukwa kwenye karakana ambayo sitaitaja. Dereva alikuwa ameshanunua regyuleta mpya, ile inayodhibiti chaji, na betri, kwa sababu kila fundi aliyeweka mita kwenye ringi alikuta rota inasoma sawasawa. Na kweli ilikuwa inasoma. Nikachukua kijiti cha mwanzi, nikausukuma waya kidogo pale unapokutana na ringi. Mita ikapotea, nikaachia, ikarudi. Waya ulikuwa umekatika palepale risasi ya lehemu inapoishia na shaba tupu inapoanzia, mahali ambapo upande mmoja ni mgumu na mwingine unapinda kila gari linaporuka shimo. Gari likisimama ncha zinagusana, likishika kasi zinaachana, chaji inakufa. Ncha ya pili ilikuwa imejisugua kwenye ukingo wa kucha hadi kinga yake imelika na shaba inang'aa. Hiyo ilikuwa inasubiri zamu yake ya kupiga shoti kwenye chuma.

Na kilichokuwa kimeshikilia vyote hivyo? Uzi wa nyavu na tone la supagluu.

Sina ugomvi na uzi wa nyavu, unafanya kazi yake vizuri pale Mikindani. Lakini ni nailoni, na ndani ya alteneta joto hupita nyuzi 100. Uzi unalegea, na waya ulioufunga unaanza kucheza. Supagluu ikipata joto na mtikisiko inakuwa kavu na kupasuka. Tepu ya umeme ndiyo mbaya kuliko zote, gundi yake inayeyuka na kuteleza hadi kwenye ringi.

Mzee aliyenifundisha kazi, kule Nachingwea, alianza na dainamo za Land Rover za zamani. Kwenye dainamo, koili zinazotoa umeme wote ndizo zilizokuwa zikizunguka. Kwa hiyo walizipigia kabari kwenye mifereji na kuzifunga mkanda wa waya, la sivyo dainamo ilitapika shaba yake yote. Alteneta ilipokuja, kazi nzito ikahamia kwenye steta, yaani koili za nje ambazo hazizunguki, na rota ikabaki na koili moja iliyofichwa ndani ya chuma. Nadhani hapo ndipo wenzangu walipojisahau. Wanaona makucha yameikumbatia koili, wanasema hakuna kitakachoruka. Koili hairuki kweli. Ncha ndizo zinazokatika.

Ncha inatakiwa izungushwe kwanza kwenye kishikizo cha bobini, ivalishwe mrija wa nyuzi za kioo mpaka karibu na ringi, ilazwe kwenye njia yake juu ya shafti bila kuvutwa, ifungwe kwa uzi unaostahimili joto, na hapo inapotokea iwekwe gundi ya epoksi. Epoksi iwe kidogo na ilingane pande zote, maana ukirundika upande mmoja rota inayumba na beringi zinakwisha. Kisha rota ipashwe joto unyevu utoke, jambo ambalo si la kuruka, itumbukizwe kwenye vanishi mpaka mapovu yaishe, ichuruzwe, halafu iingie kwenye oveni kwa joto na saa zilizoandikwa kwenye kopo. Vanishi ikiiva, koili, bobini na ncha vinakuwa kitu kimoja.

Saa hizo za oveni ndizo tatizo, na hapa nawageukia matajiri wa magari.

"Fundi, si umesema inasoma? Funga niondoke."

"Bosi, vanishi bado mbichi."

"Itakaukia njiani!"

Haikaukii njiani. Gari likishika kasi, vanishi mbichi inarushwa kwenye steta na kwenye ringi, na waya unabaki bila kishikizo. Nawafahamu mafundi wanaoujua utaratibu wote niliouandika, ila wameuacha kwa sababu mteja anakwenda kwa jirani anayemaliza jioni ileile, kwa bei ya chini. Jirani huyo naye anahesabiwa kuwa ndiye fundi hodari.

Basi mteja asiridhike na mita peke yake. Amwambie fundi aizungushe rota mezani ikiwa imepewa umeme, ameta, kipimo cha ampea, ikiwa imeungwa, aangalie mshale. Rota ya volti 12 yenye ohm 3 inatakiwa ivute kama ampea 4, na itulie hapohapo ikiwa imesimama na ikiwa kasi. Mshale ukicheza, asilipe.

Kwa vyuo vyetu vya ufundi vya VETA, Mtwara na Lindi, nina ombi: kama kuna oveni inayokaa bila kazi siku za mapumziko, mafundi wa mitaani turuhusiwe kuitumia kwa malipo. Wengi wetu tunakausha kwa jiko la mkaa, na jiko la mkaa linaiunguza rota upande mmoja huku mwingine ukibaki unanata.

Mnada wa kwanza wa korosho bado haujatangazwa. Wenye magari leteni alteneta sasa, tukiwa na nafasi ya kuziacha zilale kwenye joto.

Fundi umeme wa magari,
Mkuti, Masasi