Mfuko wa koti lenye bitana haushonwi kwa juu juu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Mimi ni fundi cherehani, na haupiti mwezi sijaletewa koti ambalo limeshapita kwa fundi mwingine kubadilishwa mfuko na likatoka huko limeharibika kuliko lilivokwenda. Mwenyewe anakuja kalivaa, unaona kabisa upande mmoja pindo limepanda, ubavuni pamejikunja, anakwambia fundi sijui limekuwaje hili koti, nilibadilisha mfuko tu. Hapo hata sijaligusa nishajua, mtu kashona mfuko akashika na bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, humo humo.

Koti lenye bitana ni kama makoti mawili, moja limevaa lingine, yameshikana pembeni tu, yaani shingoni, mbele, pindo la chini na mwisho wa mikono. Katikati ni wazi na mfuko unaning'inia humo, kati ya kitambaa cha juu na bitana. Ndo maana mfuko ukitoboka sarafu haidondoki chini, inazama ndani inaenda kulala kwenye pindo na mtu anatembea nayo wiki nzima anasikia kitu kinamgonga kiunoni hajui ni nini. Na bitana inatakiwa icheze. Aliyelishona koti aliiacha na ziada makusudi, chini sentimita 1 au 2 na mkunjo katikati ya mgongo, ili ukinyanyua mkono kitambaa cha juu kisivutwe. Sasa wewe ukiipigilia mshono hata wa vidole vitatu, ile ziada yote umeiua na koti zima linavutika kuja hapo.

Kwa hiyo hamna njia ya mkato, bitana lazima ifumuliwe. Swali ni wapi. Mimi mara nyingi nafumua kwenye pindo la chini usawa wa mfuko, sentimita 20 mpaka 25 zinatosha mkono kuingia na mfuko kuvutwa nje. Ila makoti mengi ya kiwandani yana sehemu yake, pindua mkono wa koti uangalie mshono wa bitana kwa ndani, kwenye mkono mmoja utakuta kipande kimeshonwa kwa juu kwenye ukingo tofauti na mshono wote, hapo ndo walipopindulia koti wakaja kufunga mwisho. Ukifumua hapo unalitoa koti lote kupitia mkononi, unafanya kazi yako, unalirudisha na kufunga pale pale na hakuna atakayejua uliingia.

Halafu jamani mdomo wa mfuko usiguswe! Ile sehemu ya juu inayoonekana nje imekatwa na kupigwa pasi kwa hesabu, ukiifumua umejiingiza kwenye kazi nyingine kabisa na kitambaa pale kinakuwa kimeshapasuliwa, hakirudi. Kama mdomo ni mzima kata mfuko wa zamani ukiacha kama sentimita 3 chini ya mdomo, mfuko mpya unaungwa hapo. Ule wa zamani usiutupe, upige pasi, uulaze juu ya kitambaa kipya ndo kipimo chako, ongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande.

Kitambaa ndo penye kosa lingine kubwa. Mafundi wengi wanachukua kipande cha bitana kilichobaki kwa sababu kipo mezani. Bitana inateleza, nyuzi zinafumuka kwenye ukingo, funguo za nyumba zitaitoboa muda si mrefu na mteja atarudi. Tumia pamba iliyofumwa kwa kubana, ifue kwanza na kuipiga pasi ili kama ni kusinyaa isinyae kabla haijaingia kwenye koti. Pembe za chini zizungushe, pembe kali ndo uchafu unakojaa na ndo zinatoboka mwanzo. Shona mara mbili. Na kabla ya kufunga tumbukiza mkono mfukoni uangalie vidole vinafika chini na mfuko haujagusa pindo, uishie kama sentimita 2 juu yake, la sivyo utaonekana kama uvimbe.

Mifuko ya kubandika kwa nje nayo ni hivo hivo, bitana isogezwe ndo cherehani ipite, na kumbuka chini ya mfuko wa zamani kitambaa hakijapauka kwa jua kwa hiyo mpya ukiwa mdogo patabaki alama. Ya ngozi ndo angalieni zaidi maana tundu la sindano kwenye ngozi halizibi, lazima upite kwenye matundu yale yale.

Kufunga ni kwa sindano ya mkono, mshono wa kufichika, sindano ishike ile sehemu ya pindo iliyokunjwa tu isitokee nje. Pasi iwe ya moto mdogo na uweke kitambaa juu, bitana nyingi ni poliesta zinayeyuka.

Sasa niseme na kwa wateja, maana siwezi kuwalaumu mafundi wenzangu peke yao. Mtu anakuja anasimama mlangoni anasema ni mfuko tu fundi, nasubiri hapa hapa. Kufumua na kufunga kunachukua muda kuliko mfuko wenyewe, na fundi akiona una haraka na hutaki kulipia huo muda anapigilia kwa juu, dakika kumi umeondoka, mmeridhika wote wawili mpaka utakapolivaa. Nawaomba mkipeleka koti ulizeni kitu kimoja tu, fundi utafumulia wapi? Akikwambia chini kwenye pindo au mkononi, liache na mpe siku mbili. Akikwambia hapafumuliwi popote, chukua koti lako uondoke nalo taratibu. Na yule atakayefumua mwambieni kabla hajafunga apapase pindo lote mpaka mgongoni, awatolee na sarafu zenu zilizolala humo.

Ni mimi fundi na msomaji wenu